Mjomba, kilomita ya 120 inaniliza

Shikamoo Mjomba,

Nina miaka 41, mama wa watoto wawili, na kazi yangu ni ya kukaa mbele ya kompyuta kutwa nzima. Nimeshakimbia maratoni tatu, ya kasi zaidi kwa saa 4 na dakika 40. Baada ya hiyo ya tatu kichwa kilivimba, nikajiandikisha kwenye triathloni ndefu kamili: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, kisha maratoni nzima, yote kwa siku moja. Nilijaza fomu usiku, peke yangu, na asubuhi yake nikatangaza kazini kabla sijamwambia hata mume wangu. Nalisema hilo mapema kwa sababu najua ungeuliza.

Zimebaki wiki 20 na mambo yananielemea.

La kwanza ni baiskeli. Kila Jumamosi natoka nikiwa na nia ya kilomita 150. Wastani wangu ni kilomita 24 kwa saa, na kila Jumamosi najaribu kuvunja rekodi ya Jumamosi iliyopita. Mpaka kilomita ya 100 niko vizuri. Nikikaribia 120 ni kama mtu amechomoa waya ukutani. Miguu inakuwa si yangu, macho yanafifia, napata hasira bila sababu. Wiki iliyopita nilikaa kando ya barabara nikalia kwa sababu glavu ilikataa kuvuka kidole gumba. Hubeba chupa mbili za maji na jeli moja, ile pakiti ndogo ya chakula kizito cha sukari cha wanariadha, ambayo huila nikishaanza kuchoka. Nikijaribu kula zaidi ya hapo tumbo linachafuka. Nimefikiria nianze kwenda kilomita 150 mara mbili kwa wiki ili mwili uzoee.

La pili ni maji. Kwenye bwawa naogelea kilomita 2.5 kwa dakika 65 bila kusimama. Ziwani nimeingia mara mbili tu. Mara ya pili, kama mita 50 hivi kutoka ufukweni, nilitazama chini nikaona giza la kijani, hakuna mstari, hakuna sakafu. Shingo ya suti ya mpira ikanikaba, pumzi ikakatika, nikarudi kwa mtindo wa chura huku rafiki yangu akinishika bega. Sijarudi tena. Badala yake nimeongeza urefu bwawani.

La tatu ni nyumbani. Programu niliyoipata kwenye intaneti inataka saa 18 za mazoezi kwa wiki itakapofika kileleni. Mimi niko kwenye saa 14 na naamka saa kumi na nusu alfajiri. Jumapili iliyopita nilisinzia mezani nikiwa nimeshika kijiko. Mume wangu alikitoa mkononi mwangu polepole nisishtuke. Nilipoamka akaniuliza, bila ukali wowote: "Hayo mashindano yakiisha, utarudi?" Sikuwa na jibu.

Mjomba, nishuke kwenye nusu? Na watu wa kazini, wanaoniuliza kila siku nimefikia wapi, nitawaambia nini?

Mwogeleaji wa Ukingoni


Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi, kwa sababu ina hesabu ndani yake ambazo wewe mwenyewe hujazipiga. Ngoja tuzipige.

Tuanze na ile jeli. Jeli ya kawaida ina gramu 25 hivi za wanga. Kwa mwendo wako, kilomita 120 ni saa tano. Gawanya: gramu tano kwa saa. Hiyo ni sukari ya kijiko kimoja cha chai kila saa, kwa mwili unaofanya kazi ya punda. Wanga wako wa akiba umo kwenye misuli na ini, unaitwa glaikojeni, na kwa mtu wa kawaida akiba yote ni kama kilokalori 2,000. Mafuta ya mwilini unayo ya kukutosha siku nyingi, hata ukiwa mwembamba, lakini huungua polepole, na kadiri unavyojisukuma ndivyo mwili unavyodai wanga zaidi. Wewe unajisukuma tangu mlangoni, maana unafukuzana na Jumamosi iliyopita. Kilomita ya 120 haina jini. Ni pale tu akiba inapoishia.

Na kile kilio cha glavu nakifahamu vizuri. Ubongo nao unaishi kwa glukosi, ukikosa unaanza kugombana na nguo. Katika mashindano yangu ya kwanza ya umbali huu nilishuka kwenye baiskeli na furaha ya kijinga, kwa kuwa nilikuwa nimewapita watu wengi na sikupoteza muda kula. Kilomita ya tisa ya maratoni ilinikuta nimekaa juu ya kreti la plastiki kwenye meza ya maji, jeli mkononi, naigeuzageuza natafuta pa kuchania. Mtoto mmoja wa wale wanaojitolea, nadhani hakuzidi miaka kumi na miwili, aliichukua bila neno, akaichana kwa meno, akanirudishia. Kilomita 33 zilizobaki nilizitembea karibu zote. Wale niliowapita kwenye baiskeli walinipita mmoja mmoja, na wengi wao walinisalimu kwa upole, jambo lililoniuma zaidi.

Kwa hiyo usithubutu kwenda 150 mara mbili kwa wiki. Hiyo ni kuzoeza mwili kufilisika.

Fanya hivi. Jumamosi ijayo anza kula dakika ya 20, wakati hata njaa huna na unajiona unachezea chakula. Tega saa ilie kila baada ya dakika 20 na uitii. Wiki mbili za mwanzo kula gramu 30 za wanga kwa saa, mbili zinazofuata gramu 40, uende hivyo mpaka 60. Utumbo hufundishika kama misuli, ila hautaki kushtukizwa. Ukifika 60 tumbo likiwa limetulia, unaweza kusogea 70 au zaidi kidogo, lakini hapo tafuta kinywaji au jeli yenye glukosi na fruktosi (sukari ya matunda) kwa pamoja. Glukosi ina mlango wake utumboni, na mlango huo hujaa kwenye gramu 60 hivi kwa saa, wakati fruktosi huingilia mlango wa pembeni. Soma nyuma ya pakiti, gramu zimeandikwa. Nusu ya wanariadha ninaowajua hawajawahi kuigeuza pakiti hata siku moja.

Unasema tumbo hukataa. Litaachaje kukataa? Unalipelekea jeli nzito baada ya saa nne, ukiwa umekauka, damu imekimbilia miguuni, na unakanyaga pedali kama unafukuzwa na mbwa. Jeli imezwe na maji, ukiwa kwenye mwendo wa kuongea. Jaribu pia vitu vya kutafuna katika nusu ya kwanza ya safari, ndizi au mkate laini, kwa sababu utamu mtupu kwa saa saba huchosha mdomo mpaka mtu akaanza kuchukia kula. Na chochote utakachokula siku yenyewe kiwe kimeshapita tumboni mwako mazoezini mara kadhaa. Uliza mapema wenye mashindano watatoa kinywaji gani njiani, ukifanyie mazoezi hicho hicho, au ubebe cha kwako.

Upungufu huu ni wa zamani kama mchezo wenyewe. Tarehe 18 Februari 1978, kisiwa cha Oahu huko Hawaii, watu 15 walianza mashindano ya kwanza ya umbali huu na 12 wakamaliza. John Collins, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, alikuwa ameunganisha mashindano matatu yaliyokuwapo tayari kisiwani, ya kuogelea, ya baiskeli na Maratoni ya Honolulu, ili kumaliza ubishi kuhusu nani ana stamina kuliko mwenzake. (Ukijiuliza kwa nini 180 na siyo 150, jibu ndilo hilo: ni ubishi, hakuna daktari aliyepima.) Siku hiyo kila mshiriki alikuja na watu wake wa kumbebea vyakula na vinywaji. John Dunbar ndiye aliyetangulia kuingia kwenye maratoni, lakini wasaidizi wake wakaishiwa maji, wakampa bia. Gordon Haller akampita na kushinda kwa saa 11, dakika 46 na sekunde 58.

Kuhusu maji ya kunywa nina onyo moja, maana watu wa bidii kama wewe wakiambiwa "kunywa" hunywa kama ngamia. Kunywa kiu inavyokuelekeza. Anayejaza maji matupu kwa saa nyingi kuliko anavyotoka jasho huishusha sodiamu (chumvi) ya damu, na hali hiyo imeua watu kwenye mbio ndefu. Pima uzito kabla na baada ya baiskeli ya Jumamosi. Ukirudi umepungua kilo moja hivi ni kawaida. Ukirudi umeongezeka, umekunywa kupita kiasi. Vidole vikivimba mpaka pete inabana, kichwa kinauma na unasikia kichefuchefu, acha kunywa na utafute watu wa huduma ya kwanza. Usijitibu kwa kuongeza maji.

Sasa hesabu iliyonifanya nichukue kalamu.

Mashindano mengi ya umbali huu hutoa saa 17 kwa jumla, na ndani yake kuna vikomo: mara nyingi saa 2 na dakika 20 za kuogelea, na saa 10 na nusu tangu kuanza mpaka unaporudisha baiskeli. Mengine hubana zaidi, kwa hiyo fungua mwongozo wa washiriki leo usome yako yanasemaje. Tuchukue 17. Kwa mwendo wako wa bwawani, kilomita 3.8 ni saa 1 na dakika 40. Kuvua suti, kuvaa viatu na kuzubaa kidogo, dakika 15. Baiskeli kwa kilomita 24 kwa saa, saa 7 na nusu. Dakika 10 za kubadilisha tena. Umefika mwanzo wa maratoni ukiwa na saa 9 na dakika 35 kwenye saa, na zimekubakia saa 7 na dakika 25. Hiyo ni dakika 10 na nusu kwa kila kilomita, mwendo wa mtu anayetembea kwa kukaza. Wewe maratoni umeshamaliza kwa saa 4 na dakika 40!

Hata siku hiyo upepo ukupige, ukashuka mpaka kilomita 22 kwa saa, baiskeli itakula saa 8 na dakika 11 na bado utakuwa na saa 6 na dakika 44 za kumaliza. Hapo lakini kikomo cha baiskeli kitakuwa karibu, dakika 24 tu nyuma yako, kwa hiyo usikae kupiga soga ukitoka majini.

Unaona ninakokupeleka? Kasi ya kumaliza unayo tayari, na umekuwa nayo tangu siku uliyojaza fomu. Anayeshindwa kumaliza mashindano haya mara nyingi ni yule aliyefika kwenye maratoni akiwa hoi bin taaban kwa sababu ya mambo aliyoyafanya saa sita zilizopita. Wewe kila Jumamosi unafanya mazoezi ya kufika hoi.

Baiskeli ndefu iwe ya mwendo ambao unaweza kumsimulia mwenzako kisa kizima, kwa sentensi kamili, bila kukatiza kuvuta pumzi. Mlima ukija, shusha gia na uvumilie kupitwa. Utajisikia unazembea. Saa mbili za mwanzo ukizionea haya, uko sawasawa. Na usitafute kumaliza umbali mzima mazoezini: saa tano hadi sita za baiskeli zinatosha, mbio ndefu zisizidi saa mbili na nusu, basi. Mara moja kwa wiki ukishuka kwenye baiskeli kimbia papo hapo dakika 20 tu, ili miguu ijifunze kutoka kwenye kuzunguka na kuingia kwenye kupiga hatua. Kilomita ya kwanza utakimbia kama umevaa miguu ya jirani. Hupita.

Saa 18 kwa wiki ziache. Sijui nani aliiandika programu hiyo, ila si mtu mwenye kazi ya kutwa na watoto wawili. Shuka kwenye saa 9 au 10, ufike 12 kwenye wiki nzito mbili tatu, na kila baada ya wiki tatu za kupanda iwepo moja ya kushuka. Wiki mbili za mwisho punguza wingi wa mazoezi karibu nusu, lakini usiache vipande vifupi vya kasi, vinginevyo mwili unalala usingizi wa pono. Wiki hizo utahisi kila ugonjwa uliopo duniani. Goti litauma lisilowahi kuuma. Usiliamini.

Kabla ya yote hayo, nenda kwa daktari. Mama wa miaka 41 anayesinzia na kijiko mkononi anahitaji kupimwa damu, hasa madini ya chuma, na kama siku zako zimevurugika au zimekatika tangu uanze mazoezi haya, mwambie. Ni dalili kwamba unakula kidogo kuliko unavyotumia. Moyo nao upimwe. Vifo kwenye triathloni ni vichache sana, lakini sehemu kubwa hutokea majini, na nyuma ya baadhi yake kulikuwa na ugonjwa wa moyo ambao mwenyewe hakuujua.

Maji, basi. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Uliogopa ziwa, ukaenda kuongeza urefu bwawani. Bwawa umeshalimaliza, mwanangu. Hofu yako haimo bwawani, na hata ukiogelea kilomita kumi mle hutakutana nayo.

Kilichokupata ni kitu cha kawaida. Maji ya baridi yakigusa kifua na uso, pumzi huruka yenyewe. Ni mshtuko wa mwili, hauna uhusiano na ujasiri, na baada ya dakika mbili tatu hutulia. Lakini wewe, kama wengi, ulipoogopa ulishika pumzi. Hewa chafu ikabaki kifuani, na hiyo ndiyo inayompa mtu hisia ya kukabwa. Akivuta nyingine juu yake haipati nafasi. Dawa ni kutoa. Uso ukiwa majini toa pumzi yote, polepole, kama unapuliza uji wa moto, na kuvuta kutajitunza kwenyewe. Shingo ya suti nayo iangalie: vuta mpira wa miguuni na kiunoni kuelekea juu mpaka mabega yalegee, na ukiingia majini fungua kola kidogo kwa kidole, maji kiasi yaingie. Kama bado inakaba, suti ni ndogo, tafuta nyingine. Na usifunge akili kwamba lazima uivae: maji yakiwa ya joto, aghalabu yakipita nyuzi 24.5, suti hairuhusiwi kwa anayetaka kushindania tuzo. Ogelea nayo na bila yake.

Jumamosi hii, kabla ya baiskeli, nenda ziwani na rafiki yako yule yule. Kamwe usiende peke yako, na funga boya la rangi kali kiunoni. Ingia mpaka maji ya kiuno. Zamisha uso utoe pumzi mara kumi ukiwa umesimama. Kisha lala chali. Kaa hivyo dakika mbili, masikio ndani ya maji, unatazama mawingu. Hiyo ndiyo breki yako: popote utakaposhikwa na hofu, hata katikati ya watu elfu, geuka chali, na suti itakubeba. Halafu ogelea mikono 20, yaani mapigo 20 ya mkono, sambamba na ufukwe, geuka chali, rudi. Tosha. Nenda nyumbani ukiwa bado unataka zaidi. Wiki ijayo mikono 40. Usitazame chini kutafuta mstari ambao haupo. Kila baada ya mikono minane inua macho kama mamba, uone boya au mti mrefu, ushushe. Bwawani unaweza kujiandaa kwa hilo kwa kufumba macho mikono sita na kufumbua. Utashangaa unavyokwenda upande.

Siku ya mashindano simama nyuma na pembeni. Utapoteza dakika moja na utaokoa mateke kumi. Mtindo wa chura unaruhusiwa, chali inaruhusiwa, na katika mashindano mengi unaweza kushika mtumbwi wa waokoaji upumzike, mradi usisogezwe mbele. Hakuna atakayekucheka. Wenyewe wamo wanatafuta pumzi.

Nimelichelewesha la mumeo, na wala silo dogo. Akuulize "utarudi?" halafu wewe uniandikie mimi habari za kilomita! Ulijaza fomu usiku na ukawaambia watu wa kazini kwanza. Hilo anza nalo, uliombe radhi lenyewe, bila kuliambatanisha na maelezo ya ndoto zako. Kisha mpelekee kalenda ya wiki 20 ikiwa tupu, na kalamu mpe yeye. Achague siku moja ya wiki ambayo hutagusa baiskeli wala viatu, na wikendi moja kati ya nne ambayo ni ya kwenu nzima. Mazoezi yapangwe kwenye nafasi zinazobaki. Ukishapunguza mpaka saa kumi utakuta nafasi zipo. Na mwambie ukweli kwamba baada ya mashindano utakuwa mtu wa kulala na kununa kwa wiki kadhaa, kwa hiyo tarehe ya kurudi si siku ya mashindano. Waongezee wiki nne kwenye hiyo kalenda. Kuna na la siku yenyewe: wewe utakuwa barabarani saa 16, yeye atakuwa amesimama na watoto saa 16, akikuona kwa sekunde kumi kila baada ya saa tatu. Muulize kama anataka kuja. Usidhani.

Nusu? Jina hilo silipendi, maana kilomita 1.9, 90 na 21.1 ni kilomita 113 na hakuna anayezifanya kwa bahati mbaya. Ukiipata moja wiki nane kabla, ifanye kwa mwendo na chakula cha ile kubwa, kama mazoezi. Halafu amua. Kama kufikia hapo umeogelea ziwani kilomita tatu kwa utulivu, umekula gramu 60 kwa saa kwa saa tano bila tumbo kugoma, na mumeo hajauliza tena lile swali, nenda kamili. Likikosekana la maji, shuka kwenye nusu mwaka huu bila kujitetea kwa yeyote. Hayo mawili mengine yanarekebishika ndani ya wiki nane, lakini maji hayabembelezwi.

Watu wa kazini waambie unajifunza kulala chali.

Mjomba

N.B. Hukugusia pancha, nami nimekumbuka wakati nafunga. Toa gurudumu la nyuma leo jioni, lile lenye mnyororo na gia, sio la mbele ambalo kila mtu analiweza. Badilisha tyubu mara tatu mfululizo, ya tatu ukiwa umepaka mikono mafuta ya kujikinga na michubuko, kwa sababu ndivyo itakavyokuwa siku hiyo. Kabla ya kuingiza tyubu mpya pitisha kidole polepole ndani ya tairi. Mwiba ulioitoboa ya kwanza bado umo.